Tusilikate Neno

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye kongamano la walimu wa Sunday school, viongozi wa jumuiya na vijana. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua na mmekuwa mkiniomba niirushe, basi nimeiandika yote kama nilivyoisema, picha za projekta tu ndo nimeziacha.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena!

Baba zetu wachungaji, mama zetu, wazee wa kanisa, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za safari, najua kuna waliotembea kwa mguu kutoka barabara kuu maana bodaboda ziligoma kuingia kwenye tope, Mungu awabariki sana. Vijana, hamjambo?

Nimepewa somo linaloitwa kuwa mashahidi waaminifu wa Maandiko. Sasa kabla sijaenda mbali hebu kila mwenye Biblia anyanyue juu, ya kitabu au ya kwenye simu, zote sawa. Mnaona? Karibu kila mtu anayo! Vitabu sitini na sita viko mfukoni, unavitafuta kwa kidole, unasomewa hata kwa sauti ukiwa kwenye daladala. Kwahiyo leo sitasema habari ya watu wasio na Biblia, wapo na tuwaombee na tuwapelekee, ila mimi leo nataka kusema habari yetu sisi ambao tunayo. Tunaifanyia nini?

Na ninalo jambo moja tu, nitalizunguka kwa pande tatu mpaka tutakapoenda kula. Shahidi mwaminifu wa Maandiko ni yule anayeyaacha yaseme yote yanayosema, hata pale yanapomgusa yeye. Sio nusu, sio ile sehemu tamu. Yote. Nasema tena, YOTE, hata pale yanapokugusa wewe, hata pale yanapomgusa mchungaji wako, hata pale yanapougusa mfuko wako.

Tufungue Yeremia 36. Nawasubiri, sikimbii.

Ni mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu. Yeremia amezuiwa asiingie nyumbani mwa Bwana, basi anamwita Baruku mwana wa Neria, anamtamkia maneno yote aliyopewa na Mungu na Baruku anayaandika kwa wino kwenye gombo. Mwaka unaofuata, mwezi wa tisa, watu wametangaziwa kufunga, Baruku anaenda hekaluni anasoma mbele ya watu wote. Wakuu wa serikali wanasikia habari, wanamwita awasomee na wao, wakishasikia wanatazamana kwa hofu, wanamwambia nenda ukajifiche, wewe na Yeremia, mtu yeyote asijue mlipo. Halafu neno linafika kwa mfalme.

Sasa mtazameni mfalme. Ni majira ya baridi, amekaa kwenye nyumba yake ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Yehudi, aliyetumwa kulileta gombo, anasimama anasoma. Akishasoma kurasa tatu nne hivi, mfalme anachukua kisu cha mwandishi, anakata kile kipande kilichosomwa, anakitupa motoni. Yehudi anaendelea kusoma, mfalme anakata tena, anatupa. Kuna watu watatu pale, Elnathani, Delaya na Gemaria, wanamsihi mfalme usilichome, hasikii. Mpaka gombo lote likaisha kwenye makaa. Na Biblia inasema hawakuogopa, wala hawakurarua mavazi yao.

Kwanini Biblia itaje mavazi? Nendeni 2 Wafalme 22. Baba yake huyu mfalme ni Yosia, na Yosia aliposomewa kitabu cha torati kilichopatikana hekaluni alirarua mavazi yake. Baba alisikia Neno akararua nguo, mtoto alisikia Neno akararua Neno. Nyumba moja hiyo, kiti kimoja cha enzi!

Nawauliza ndugu zangu, kuna mtu hapa ameshawahi kuchoma Biblia? Hakuna, na Mungu apishie mbali. Lakini kukata je? Kukata! Maana mfalme yule hakuanza kwa kuchoma, alianza kwa kukata, kipande kwa kipande, kile kilichomkera.

Twende Yeremia 29:11, najua mnaujua kwa kichwa. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Amina! Mstari huu upo kwenye kadi za harusi, kwenye mahafali, kwenye stetasi kila tarehe moja ya mwezi. Na ni neno la kweli, mimi mwenyewe limenishika mkono kwenye mambo mazito. Lakini hebu soma wa kumi, uliotangulia. Unasema nini? Miaka sabini. Hii ni barua, Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, zaeni, utakieni amani mji ule mlikopelekwa na muuombee kwa Bwana, kwa sababu mtakaa huko. Mtakaa sana. Mtu wa miaka arobaini aliyeisikia barua ile alijua kabisa kwamba yeye harudi, watarudi wajukuu.

Na kwanini ilibidi Yeremia aandike? Rudi sura moja nyuma, 28. Kulikuwa na nabii anaitwa Hanania, alisimama nyumbani mwa Bwana mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kinarudi, vyombo vya hekalu vinarudi, mfalme anarudi, mateka wote wanarudi. Miaka miwili! Akaichukua na nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja watu wanaona. Ibada ya namna hiyo leo ingejaza uwanja. Mungu akasema huyu sikumtuma, na Hanania akafa mwaka ule ule.

Sasa mmeelewa kilichotokea? Mstari ulioandikwa kuwatuliza watu wasidanganyike na manabii wa upesi upesi, sisi tumeukata, tumeutoa kwenye miaka yake sabini, na tumempa Hanania autumie. Mtu anaahidiwa mwaka huu ni mwaka wako, kabla ya Desemba unajenga, na mstari anaopewa ni ule ule uliomkataa Hanania. Mkisikia hivyo moyo hauumi? Mimi unaniuma, kwa sababu nawajua waliosubiri Desemba hiyo, ikaja ikapita, wakaona Mungu ndiye muongo, na wengine hatuwaoni tena kanisani.

Wafilipi 4:13 nayo haraka, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ipo kwenye jezi, ipo kwenye vioo vya magari. Mstari wa 12 Paulo anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na anaandika akiwa kifungoni. Mambo yote anayoyaweza ni pamoja na njaa. Wagonjwa wetu ambao hawajapona wanauhitaji mstari huu kuliko mtu yeyote, na sisi tumewanyang'anya tukauweka kwenye stika ya ushindi.

Lakini unaonisumbua zaidi ni Zaburi 105:15. "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Baba wachungaji mnisikie kwa upendo, nasema mbele yenu na sio pembeni. Mstari huu umezima maswali mengi sana kwenye makanisa yetu, mama akiuliza hela za ujenzi zimeenda wapi, msiwaguse masihi wangu, binti akisema mtumishi fulani alinitendea vibaya, msiwaguse masihi wangu. Jamani hebu tuanzie mstari wa 12! Zaburi inawaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo na nyumba zao, wakati ule "walipokuwa watu wa kuhesabika, naam, watu wachache na wageni ndani yake", wanatangatanga kutoka taifa hadi taifa hawana hata shamba. Na wa 14 unasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Wafalme ndio walioambiwa msiguse! Mungu anamkinga mnyonge asiye na mji dhidi ya mwenye nguvu, na sisi tumeugeuza tunamkinga mwenye nguvu dhidi ya mnyonge. Huko ni kulishuhudia Neno uongo.

Mnataka kuona mtumishi aliyepakwa mafuta kweli kweli anavyokaa mbele ya mfalme? Twende Uganda, 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, mtoto wa Waacholi, mtu wa uamsho, aliokoka 1948. Utawala wa Idi Amin unaua watu, miili inatupwa mtoni na msituni. Mwezi wa pili wanajeshi wanavamia nyumba ya askofu mkuu usiku wakidai wanatafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wanaandika barua kwa Amin, wanataja mauaji, wanataja watu wanaopotea, majina wanaweka yao wenyewe. Tarehe 16 Februari akaitwa na serikali pale Kampala pamoja na maaskofu wenzake, wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari, na hakuna aliyeamini maana walioiona maiti waliona matundu ya risasi. Huyo hakuutumia upako wake kujificha nyuma yake, aliutumia kusimama mbele ya waliokuwa hawana pa kusemea.

Na mazishi yake mnajua ilikuwaje? Kaburi lilichimbwa Namirembe, kando ya kaburi la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga 1885. Serikali ikakataa kuutoa mwili, ukapelekwa moja kwa moja kijijini kwao Mucwini, kaskazini kabisa. Watu wakajaa Namirembe kwenye kaburi tupu, hakuna jeneza, hakuna maiti, na askari wako mjini. Wakasomewa maneno ya malaika kule kaburini, hayupo hapa, amefufuka. Hakuna mtu aliyehitaji kuelezewa siku ile!

Nimesema kukata, niseme na madhara yake yakifika mwisho. Aprili 2023, msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi hapo Kenya, miili ilianza kufukuliwa na mpaka hesabu inasimama ilikuwa imepita 400, na wengi ni watoto wadogo. Watu waliohubiriwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Kufunga kupo kwenye Biblia? Kupo. Ndio maana nasema nusu ya Neno inaua. Isaya 58 ndiyo sura ya kufunga, na Mungu anauliza saumu niliyoichagua, "je! siyo kuwagawia wenye njaa chakula chako?" Saumu ya Mungu inamlisha mtoto, haimnyimi. Laiti mtu mmoja pale angefunguliwa Isaya 58 ikasomwa mpaka mwisho. Waberoya kwenye Matendo 17 walihubiriwa na Paulo mwenyewe, Paulo! na bado walirudi nyumbani wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka hawakemei, anawaita waungwana.

Na mnajua gombo la Yeremia liliishia wapi? Mfalme alidhani amemaliza. Mungu akamwambia Yeremia chukua gombo lingine, Baruku akaandika yote upya, na mstari wa mwisho wa sura unasema yakaongezwa maneno mengine mengi kama yale. Yehoyakimu alikata, Mungu akaongeza.

Upande wa pili. Kuliacha Neno liseme yote maana yake ni lazima lieleweke. Nehemia 8, Ezra anasimama kwenye mimbari ya mti mbele ya lango la maji, anasoma tangu mapambazuko mpaka adhuhuri, na Walawi wamo katikati ya watu, wanasoma kwa sauti ya kusikika na kueleza maana, hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Hata watu wakafahamu! Na walipofahamu walilia. Sio walipopigiwa kinanda, walipofahamu.

Walimu wa Sunday school, kazi yenu ndiyo ile ya Walawi na mimi naiheshimu kuliko mnavyodhani. Nina jirani yangu bibi mmoja hajui kusoma, jioni mjukuu wake wa darasa la sita anamsomea akiwa anachambua mboga kwenye ungo. Siku moja nimekaa nao hapo barazani, mtoto anasoma Luka 15, yule mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja, mtoto akasema bibi, shilingi kumi si hela, hata pipi hupati. Bibi akaacha mboga. Akamwambia rudia hapo, huyo mama amefanya nini? Mtoto akarudia, akawasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii hata aione. Bibi akasema basi haikuwa hela ndogo, mtu hafagii nyumba nzima kwa kitu kisicho na thamani, na hakuita majirani wafurahi bure. Akaendelea kuchambua. Nikawaambia sarafu ile moja ilikuwa ni kama kibarua cha siku nzima, bibi akaitikia kwa kichwa tu, maana alishaelewa, alichofanya ni kulisoma fungu mpaka mwisho na kuliuliza maswali. Hajui herufi hata moja na anasoma Biblia kuliko wengi wetu!

Na mtu mwingine wa kumjua ni Apolo Kivebulaya. Mganda huyu, alibatizwa 1895, mwaka uliofuata akatumwa magharibi mpaka Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, leo ni Kongo. Chifu Tabaro wa huko hakumtaka, watu wakakatazwa kumuuzia chakula, akalima mwenyewe. Baadaye akasingiziwa kesi ya kifo cha ndugu wa chifu, akapigwa, akafungwa minyororo. Akaachiwa. Akaenda wapi? Mboga! Kule kule. Na yule yule Tabaro akaja kubatizwa. Wengi wetu hapo tungesema kazi imekwisha, tukaomba uhamisho wa karibu na nyumbani. Yeye uzeeni akaingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu wafupi wa msituni ambao majirani zao waliwadharau hawakuwahesabu kama watu kamili, akakaa nao, akajifunza lugha yao, akatafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa masikio yao. Alikufa 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki, yeye aliagiza azikwe akielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi huko ilikuwa bado.

Kiswahili chetu hiki nacho kina gharama yake. Mmisionari Mjerumani Krapf aliingia Mombasa 1844, mwezi wa saba mwaka huo huo akamzika mke wake Rosina na mtoto wao mchanga pale bara ya Mombasa, na katika mwaka huo alikuwa tayari ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilikuja kutoka 1891, na ile ya Union tuliyokua nayo ni ya 1952. Zaidi ya miaka mia moja ya watu kukaa chini na kuulizana hapa anasema nini. Halafu mimi na wewe tunafungua dakika tatu kabla ya kipindi tunatafuta kamstari ka kusindikiza maoni yetu? Hapana. Mwalimu, kaa na hilo fungu tangu Jumatatu. Soma kilichotangulia na kinachofuata, uliza aliyeandika ni nani na anamwandikia nani, na ukikutana na usiloelewa waambie watoto hili bado sijalielewa tutalitafuta pamoja, watoto hawakudharau kwa hilo, wanakudharau ukibuni.

Na upande wa tatu, ambao ndio mzito. 2 Wakorintho 3:2, "ninyi ndinyi barua yetu, iliyoandikwa mioyoni mwetu, inajulikana na kusomwa na watu wote." Kuna watu hawatafungua Biblia kamwe, watakusoma wewe.

Niwapeleke Rwanda, sehemu inaitwa Nyange, magharibi ya nchi. Kumbukeni kwamba Rwanda ndiyo nchi ya Gahini, uamsho uliowasha Uganda, Kenya na Bukoba yetu miaka ya 1930 ulitokea pale, ule wimbo wa Tukutendereza tunaouimba mpaka leo umetembea na watu wale. Watu wengi mno walikuwa wamebatizwa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wa Nyange wakakimbilia kanisani, kwenye parokia yao, walikobatizwa, walikofunga ndoa. Wapatao 1,500 hivi au zaidi. Likaletwa buldoza, na kanisa likaangushwa juu yao wakiwa ndani. Paroko wao mwenyewe alipatikana na hatia kwenye mahakama ya kimataifa pale Arusha, na kwenye rufaa 2008 akapewa kifungo cha maisha. Waliouliwa na waliowaua walikuwa wamekariri Baba Yetu ile ile moja.

Ndugu zangu, hili siwasimulii ili tuwanyooshee Wanyarwanda kidole, Mungu anisaidie nisifanye hivyo. Nasimulia kwa sababu nikiliangalia naogopa. Inawezekana kabisa Neno likasomwa kila Jumapili kwa miaka na miaka, na sehemu moja tu, sehemu ya jirani, ikawa imekatwa na hakuna aliyeona. Je sisi yetu iliyokatwa ni ipi?

Halafu sikilizeni. Nyange hiyo hiyo, 18 Machi 1997, miaka mitatu tu baadaye. Shule ya sekondari, wanafunzi wako kwenye prepu ya usiku. Wanamgambo wenye silaha wanaingia darasani, wanaamuru, Wahutu kaeni huku, Watutsi kaeni huku. Kila mtoto pale alijua maana ya kujitenga, walikuwa wameshaiona. Wale wa upande mmoja wangeweza kusogea hatua mbili wakapona. Wakajibu, sisi wote ni Wanyarwanda. Hawakusogea. Wakapigwa risasi na mabomu ya kurusha kwa mkono, wengine wakafa pale pale, wengine wana makovu mpaka leo, na nchi yao imewaweka kwenye orodha ya mashujaa wa taifa. Mimi sijui kila mmoja wao alikuwa na Biblia gani kwenye begi, ila najua kwamba ile amri ya mpende jirani yako kama nafsi yako, ambayo kanisani pale ilifunikwa na kifusi, ilisomwa upya na watoto wa sekondari, kwa sauti, mbele ya bunduki. Mlima ule ule!

Sasa sisi hatujawekewa bunduki, kwetu inakuja kwa vitu vidogo mpaka unavizoea. Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na wewe muuza mchele kopo lako limebonyezwa chini na Jumapili unaongoza sifa. Wewe wa ofisini, faili la mtu halisogei mpaka atoe chai, na juu ya meza yako kuna kalenda ya mistari ya Biblia. Yeye aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi ameisoma kalenda yako yote, na amekusoma na wewe.

Na hili nitalisema taratibu. Mama zangu na dada zangu, na akina baba msijifanye halijawahusu, nani amebaki nyumbani na watoto wako leo? Dada wa kazi. Mshahara wake wa mwezi uliopita umempa? Walawi 19:13 inasema ujira wa mtu usilale kwako usiku mpaka asubuhi. Usiku mmoja! Yakobo 5:4 inasema ujira ule uliouzuia unapiga kelele, na kelele zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tuko hapa tunaimba pambio, na kuna kelele nyingine inapanda kutoka jikoni kwetu, ipi inasikiwa kwanza? Na Jumapili anaenda ibada saa ngapi huyo binti? Maana wengine tunamfundisha mtoto wetu mistari ya kukariri, na binti aliyembeba mtoto huyo mgongoni hajawahi kuulizwa kama anajua kusoma.

Kuna mzee mmoja wa kanisa nilipokuwa naandaa somo hili aliniuliza, mwalimu, tukianza kufundisha yote hivyo, watu si watapungua? Swali la haki kabisa. Watapungua. Yohana 6:66, wengi miongoni mwa wanafunzi wake wakarejea nyuma, wasiandamane naye tena, na hao walimuacha Yesu mwenyewe, mchana kweupe, baada ya kula mikate. Hakuwakimbilia kuwabadilishia somo, aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza, ninyi nanyi mwataka kuondoka? Petro akasema Bwana, twende kwa nani? Wewe unayo maneno ya uzima wa milele. Mimi nakiri mbele yenu kwamba sina pengine pa kwenda, na ndio maana siwezi kukubali maneno hayo yapunguzwe hata kidogo.

Basi hatuendi kula bado, tuna dakika arobaini. Tutasoma Waraka kwa Filemoni, sura moja tu, mistari 25, kitabu ambacho wengi hamjawahi kusikia kikihubiriwa, kinahusu Onesimo, mtumwa aliyekimbia, na Filemoni, tajiri Mkristo aliyekuwa na kanisa nyumbani kwake. Walimu wa kanda ya juu mbaki humu ndani, kanda ya chini mwende madarasani, vijana mkae chini ya ule mwembe kama mvua imekata. Kila kikundi msomaji mmoja, asome kwa sauti kutoka wa kwanza mpaka wa 25 bila kuruka, halafu muulizane mambo mawili, Paulo anamwomba Filemoni afanye nini hasa, na mimi nyumbani kwangu Onesimo ni nani. Majibu mkayafanyie kazi kuanzia leo jioni, na kama mnadaiwa mshahara wa mtu, simu mnazo, tumeni sasa hivi kabla ya chakula.